Karatasi mbili za mapafu, majibu mawili: mama ana pumu au COPD?

Shikamoo Daktari,

Naomba unisaidie kusoma karatasi mbili za kipimo cha mapafu cha mama yangu, maana kila hospitali imesema lake. Mama ana miaka 61, tunaishi Mwanza. Amebanika samaki kwa moshi wa kuni zaidi ya miaka 30, kwenye kibanda kisicho na dirisha. Hajawahi kuvuta sigara. Mwaka 2011 aliugua TB, akamaliza dozi ya miezi sita. Kikohozi cha sasa kilianza akiwa na miaka kama 50, taratibu taratibu. Siku hizi akipanda kile kimlima cha kuja nyumbani anasimama mara mbili kupumzika. Usiku wa baridi kifua kinalia filimbi. Utotoni hakuwa na pumu, ila mdogo wake anayo.

Mwezi wa nne, hospitali ya kwanza walimpulizisha mara moja tu. Karatasi inasema FVC lita 1.94, FEV1 lita 1.44, uwiano 0.74, muda wa kupuliza sekunde 2.3. Tukaambiwa uwiano umepita 0.70, kwa hiyo si COPD, ule ugonjwa sugu wa njia za hewa kubana, ni pumu. Akapewa salbutamoli, ile pampu ya bluu, na beklometasoni ya kuvuta asubuhi na jioni.

Mwezi wa nane tulikwenda hospitali nyingine kwa sababu hakuwa anapata nafuu ya maana. Huko alipuliza mara tano, wakampa dawa, akapuliza tena. Kabla ya dawa: FVC 2.38, FEV1 1.36, uwiano 0.57. Baada ya dawa: FVC 2.50, FEV1 1.52, uwiano 0.61. FEV1 inayotarajiwa kwa mtu kama yeye imeandikwa 2.05. Wakasema ni COPD, aache beklometasoni, atumie dawa nyingine ya kutanua njia za hewa, ya kuvuta mara moja kwa siku. Siku hiyo mama alivuta pampu ya bluu saa moja asubuhi kama kawaida yake, na alipimwa saa tatu. Hatukuwa tumeambiwa asivute.

Nani yuko sahihi? Beklometasoni aiache? Na dada yangu wa miaka 34, aliyekuwa akimsaidia kibandani, naye ameanza kukohoa. Naye apimwe?

Binti wa mama samaki, Mwanza

JIBU

Marahaba, binti. Umenakili namba zote, ukaongeza muda wa kupuliza na saa aliyovuta dawa. Vitu hivyo viwili vya mwisho ndivyo vinavyolifungua fumbo lako.

Kwa kifupi: karatasi ya mwezi wa nne haifai kuamulia chochote. Ya mwezi wa nane ni nzuri, na inaonyesha njia za hewa zilizobana ambazo dawa haizifungui zikafunguka zote, hali inayoelekea zaidi COPD. Lakini ile salbutamoli ya saa moja asubuhi imeharibu sehemu ya jibu, kwa hiyo pumu haijaondolewa mezani. Beklometasoni asiiache kwanza. Sababu nazieleza hapa chini.

Chukua dumu la maji la lita 20 uliinamishe. Maji yote yatakayotoka mpaka liishe ni FVC: hewa yote ambayo mtu anaweza kuisukuma nje kwa nguvu baada ya kujaza kifua. Kiasi kinachotoka katika sekunde ya kwanza ndicho FEV1. Mdomo wa dumu ukiwa mwembamba, maji yatatoka karibu yaleyale ila yatachelewa, na kile cha sekunde ya kwanza kitakuwa kidogo ukilinganisha na jumla. Uwiano ni FEV1 ukigawanya kwa FVC. Ukiwa chini ya 0.70 baada ya dawa ya kutanua, tunasema njia za hewa zimebana kwa namna isiyorudi kawaida, na bila hilo COPD haithibitishwi.

Sasa angalia karatasi ya kwanza. Mama alipuliza sekunde 2.3 akaacha, au aliachishwa. Hapo ni kama mtu aliyeinamisha dumu kisha akalisimamisha kabla halijaisha, akaenda kutangaza kwamba lilikuwa na maji kidogo. Linganisha: FEV1 ya mwezi wa nne (1.44) na ya mwezi wa nane kabla ya dawa (1.36) zinapishana mililita 80 tu. FVC zinapishana mililita 440. Mapafu hayakukua kati ya Aprili na Agosti. Pumzi ya kwanza ilikatwa. FVC ikipungua kwa uongo, uwiano unapanda kwa uongo, na ugonjwa unajificha. Ukiigawa ile 1.44 kwa FVC ya kweli ya 2.38 unapata karibu 0.60, wala si 0.74. Aliyebanwa njia za hewa huhitaji muda mrefu kumaliza pumzi, wengine hadi sekunde 15, na anayempima anatakiwa asimame pembeni akihimiza "sukuma, sukuma, bado, bado" mpaka mstari kwenye skrini ulale kabisa. Kwenye mchoro wa ujazo na muda, pumzi iliyokatwa utaitambua hata wewe: mstari bado unapanda, halafu unakoma ghafla.

Kosa la pili la karatasi ile ni kupuliza mara moja. Kipimo hiki kinategemea juhudi ya mpimwaji kuliko karibu kipimo kingine chochote, ndiyo maana zinatakiwa pumzi tatu safi, na zile mbili kubwa zisipishane zaidi ya mililita 150, kwa FEV1 na kwa FVC pia. Mtu anaweza kujaribu hadi mara nane. Akishindwa, hurudi siku nyingine. Pumzi yenye kikohozi katika sekunde ya kwanza haihesabiki, wala ile iliyoanza kwa kusita, wala ile ambayo midomo ilivuja au ulimi uliziba mrija.

La tatu ndilo kubwa kwa swali lako: hawakumpa dawa wakampima tena. Bila namba za baada ya dawa huwezi kuthibitisha COPD, na pumu pia unaikisia tu.

Turudi mwezi wa nane. Uwiano baada ya dawa ni 0.61. Kuna madaktari wanaopinga kutumia 0.70 kwa watu wa umri wote, kwa sababu uwiano hushuka wenyewe kadiri mtu anavyozeeka. Wao hutazama kiwango cha chini cha kawaida kwa umri wake, ambacho kwenye karatasi nyingi huandikwa LLN. Ni ubishi wa haki, lakini kwa mama hauna kazi: 0.61 iko chini kwa mizani zote mbili. FEV1 ya 1.52 ni asilimia 74 ya ile inayotarajiwa, yaani mbano wa daraja la pili kati ya manne. Nina neno moja kuhusu hiyo "inayotarajiwa". Hukokotolewa kwa umri, jinsia na urefu, na mashine nyingine huongeza asili ya mtu, kwa hiyo mama yuleyule anaweza kuwa asilimia 74 hapa na 82 kule. Apimwe urefu bila viatu, asiulizwe tu mdomoni. Uwiano wenyewe hauyumbishwi na mambo hayo, na ndiyo sababu nautegemea zaidi.

Je, dawa ilifungua kiasi gani? FEV1 ilipanda kutoka 1.36 hadi 1.52, mililita 160, sawa na asilimia 11.8. Kipimo kilichotumika kwa miaka mingi kinataka mambo mawili kwa pamoja: asilimia 12 au zaidi, na mililita 200 au zaidi. Mwongozo wa 2021 wa vyama vya madaktari wa mapafu vya Ulaya na Marekani unataka ongezeko lipite asilimia 10 ya kiwango kinachotarajiwa. Kwa mama, 160 katika 2,050 ni kama asilimia 8. Hakufika kwa vyovyote. Hospitali ya pili ikasema COPD.

Hapo ndipo inapoingia saa moja asubuhi. Salbutamoli hufanya kazi kwa saa nne hadi sita. Mama alipoketi kwenye mashine saa tatu, njia zake za hewa zilikuwa tayari zimetanuliwa. Ile 1.36 inayoitwa "kabla ya dawa" si ya kabla ya dawa. Huenda bila pampu angeanzia 1.25, na ongezeko likawa mililita 270. Huenda pia angeanzia 1.34. Karatasi haiwezi kutuambia. Inachoweza kutuambia ni kwamba hata baada ya dawa juu ya dawa bado amebaki 0.61, na hilo halibadiliki kwa kosa la asubuhi.

Nisikudanganye kwamba hata kipimo kikirudiwa vizuri namba moja itaandika jina la ugonjwa. Wagonjwa wengi wa COPD hupanda asilimia 12 siku fulani. Mwenye pumu akipimwa siku ambayo kifua kimetulia, karatasi hutoka safi kabisa. Na pumu ya miaka mingi isiyotibiwa huacha mbano wa kudumu unaofanana na COPD kama pacha. Ongezeko likipita mililita 400, hapo naegemea pumu kwa nguvu. Chini ya hapo natazama historia. Kwa mama historia inasema hivi: ugonjwa ulianza ukubwani, unapanda taratibu bila kurudi nyuma, pumzi inamkatikia mlimani, na moshi wa kuni kibandani miaka 30. Moshi huo huleta COPD bila sigara hata moja. Upande wa pili kuna filimbi ya usiku na mdogo wake mwenye pumu. Mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Rudini mkarudie spirometri, yaani kipimo hiki cha kupuliza, hospitali ya pili, ambayo inaonekana wanajua kazi. Uwiano wa baada ya dawa ukiwa kati ya 0.60 na 0.80 unastahili kurudiwa siku nyingine kabla ya kumwandika mtu COPD ya maisha. Safari hii asivute salbutamoli kwa saa nne hadi sita kabla. Kama ameshaanza dawa za kutanua za muda mrefu, zile za mara mbili kwa siku zisivutwe kwa saa 24, na za mara moja kwa siku kama tiotropiamu kwa saa 36 hadi 48. Muulizeni daktari kwanza ni ipi aliyopewa. Beklometasoni aendelee nayo. Akibanwa njiani avute pampu yake bila woga na aandike saa. Kipimo kinaweza kuahirishwa. Asile akashiba sana ndani ya saa mbili kabla ya kupuliza, asikae kwenye moshi asubuhi hiyo, na asivae nguo au kanga iliyomkaza tumbo. Meno ya bandia, kama anayo na yamekaza, abaki nayo, yanasaidia midomo kushika mrija.

Chumbani aketi wima, miguu sakafuni, pua imebanwa kwa kibanio. Ajaze kifua mpaka hapaongezeki kitu, abane midomo, apulize kwa kishindo, kisha aendelee kusukuma mpaka aambiwe basi. Baada ya pumzi tatu safi apewe salbutamoli mikrogramu 400, yaani mipulizo minne ya pampu ya kawaida, mmoja mmoja kupitia spesa, kile kichupa kinachowekwa kati ya pampu na mdomo, kisha asubiri dakika 15 kwa kutazama saa. Hapo watu hukosea sana: pampu hunyunyizwa moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa ya dawa inaishia kooni, mgonjwa anapimwa baada ya dakika tano, halafu anaambiwa "dawa haikufungua." Mkiona hakuna spesa, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa umbo la mdomo wa pampu, ikabanwa isivuje, inafanya kazi vizuri.

Kabla ya hayo yote, makohozi. Mtu aliyewahi kuugua TB na anakohoa apimwe makohozi kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vimelea vya TB, na apigwe picha ya kifua kabla hajapuliza kwenye mashine wanayotumia wengine. Halafu TB ya zamani yenyewe, hata iliyopona vizuri, huacha makovu yanayobana njia za hewa moja kwa moja. Inawezekana kabisa mbano wa mama una baba wawili, moshi na TB. Picha ya kifua haitatofautisha pumu na COPD, ila makovu, maji au moyo uliopanuka itayaonyesha. Miguu ikivimba au akilala kwa mito mitatu, moyo nao uchunguzwe. Na kama anatumia propranololi au dawa ya jamii hiyo kwa presha, daktari aambiwe, maana hubana kifua.

Wakati mnasubiri tarehe, kuna kifaa kidogo cha plastiki chenye mshale, wahudumu wanakiita piki flo. Kinasoma lita kwa dakika. Kila asubuhi kabla ya dawa, na kila jioni, apulize mara tatu mpulizo mfupi wa nguvu, mwandike namba kubwa. Wiki mbili. Mfano: asubuhi 180, jioni 230. Tofauti ni 50, wastani wa hizo mbili ni 205, 50 kwa 205 ni asilimia 24. Siku nyingine 190 na 200: asilimia 5. Jumlisha asilimia za siku zote 14, gawa kwa 14. Ikipita 10 kwa mtu mzima, njia za hewa zinacheza, na hiyo ndiyo tabia ya pumu. Kifaa hiki hakithibitishi COPD, msije mkakitumia hivyo.

Mwombeni daktari pia kipimo cha damu cha kawaida chenye hesabu ya eosinofili, aina mojawapo ya seli nyeupe za damu. Zikiwa 300 au zaidi kwa kila mikrolita, steroidi ya kuvuta, kama hiyo beklometasoni, huwa na faida zaidi, hata kwa mwenye COPD anayepata mashambulizi. Chini ya 100 faida ni ndogo mno. Lakini ninyi mnaishi kando ya ziwa. Kichocho na minyoo hupandisha seli hizo bila kuhusiana na mapafu, kwa hiyo apimwe choo na atibiwe kwanza, la sivyo mtasoma minyoo mkidhani ni pumu.

Kuhusu beklometasoni. Kama mama ana COPD peke yake, kuendelea nayo wiki chache hakutamgharimu sana, ingawa steroidi ya kuvuta huongeza hatari ya nimonia kwa wenye COPD na huweza kuleta utando mweupe kinywani, kwa hiyo asukutue na kutema kila akishavuta. Kama ana pumu ndani yake akaiacha, akabaki na dawa ya kutanua peke yake, anaweza kupata shambulio kali, na watu wamekufa kwa njia hiyo. Hatari hizo mbili si sawa. Mrudieni daktari wa pili na karatasi zote mbili, mwambieni habari ya saa moja asubuhi, na mumwombe aamue upya. Akikubali, dawa aliyoandika anaweza kuitumia pamoja na beklometasoni kwa wiki nne hivi, kisha apime tena FEV1. Ikibaki palepale na daftari la piki flo limetulia, steroidi itaondolewa kwa sababu inayoeleweka.

Jina la ugonjwa lina kazi hata siku ya dharura. Mwenye COPD hupewa oksijeni mpaka kipimo cha kidoleni kisome asilimia 88 hadi 92, na kumzidishia kunaweza kumlaza usingizi mbaya. Mwenye pumu hulengwa 93 hadi 95. Akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikiwa ya buluu, au nafuu ya pampu haidumu kwa muda wa saa nne, apelekwe hospitali mara moja, mkiwa njiani mkimpa salbutamoli mipulizo minne kupitia spesa, mmoja baada ya mwingine.

Kibandani asirudi. Hakuna pampu inayoshindana na kuni mbichi kwenye chumba kisicho na dirisha. Kama biashara ndiyo chakula cha nyumba, jiko litoke nje, na abaki kwenye kuuza, kazi ya moto ifanywe na mwingine mahali penye upepo.

Dada yako, ndiyo, apimwe, naye aanze na makohozi ikiwa kikohozi kimepita wiki mbili, maana amelala nyumba moja na aliyeugua TB. Kwenye spirometri yake msikubali kuambiwa "imepita 0.70, uko salama." Kwa mwanamke wa miaka 34, uwiano wa 0.72 unaweza kuwa chini ya kawaida ya umri wake. Mwombeni anayempima awasomee LLN.